Sakafu Isiyong'aa

Kila asubuhi, kabla jua halijagusa ukuta wa jirani, Lusia alichota maji kwa kopo, akayanyunyiza kwa vidole kwenye sakafu ya banda la gari, kisha akainama akafagia. Ndivyo alivyofundishwa tangu akiwa binti huko Tinde: vumbi hulifagii likiwa kavu, unalilaza kwanza. Na vumbi la banda lile lilikuwa na ukaidi wake. Fundi aliyemwaga zege miaka sita iliyopita aliionea sementi huruma, akaiweka kidogo, kwa hiyo sakafu ilikuwa inajisaga yenyewe. Unafagia leo unga wa kijivu, kesho umerudi, kama vile ulikuwa umekwenda kusalimia tu.

Akishamaliza kufagia, alikwenda kumnyanyua mzee wake.

Mayala alikuwa mwanaume wa kilo themanini. Kiharusi kilipompata mwaka jana kilichukua nguvu za mkono na mguu wa kulia, nusu ya mdomo, na Kiswahili chote, kikamwachia Kisukuma cha maneno machache. Kilo zote themanini kiliziacha. Lusia aliliona hilo kuwa ni uonevu, na alishamwambia hivyo Mungu mara kadhaa, kwa adabu.

"Haya, baba," alisema asubuhi ile, akiweka bega chini ya kwapa la mumewe. "Moja, mbili. Usinisaidie sana, utanichosha."

Alimpitisha sebuleni polepole, amemkumbatia kiuno, mguu mmoja nyuma ya mwingine kama watu wanaobeba kitanda. Walipofika bandani akamwachia. Hapo ndipo Mayala alipokuwa mtu. Aliegemea fimbo yake, akatembea peke yake, pekupeku, hatua kumi na tano hadi ukutani, akageuka, akarudi. Daktari wa viungo kule hospitali ya Kolandoto alisema mguu ule lazima uisikie ardhi kila siku, bila kiatu, la sivyo utasahau kazi yake moja kwa moja. Nje hapakufaa. Udongo wa pale ni wa mbuga: kiangazi unapasuka nyufa za kumeza fimbo, masika unang'ang'ania mguu usiachie. Na ndani ya nyumba ndipo hapakufaa kabisa.

Ndani kulikuwa na marumaru.

Boaz, mtoto wao wa kwanza, fundi mitambo kwenye mgodi upande wa Geita, ndiye aliyeijenga nyumba ile. Aliweka marumaru nyeupe vyumba vyote, jikoni, hata stoo ya mahindi. Ziling'aa mpaka wageni walivua viatu bila kuambiwa, wakatembea kama wezi. Mayala alikuwa ameshaanguka juu yake mara mbili. Mara ya kwanza Lusia alikuwa ametandika mkeka ili asiteleze, mkeka ukateleza naye. Mara ya pili hapakuwa na mkeka, na ngozi ilipasuka juu ya nyusi. Boaz alipouliza kwenye simu baba kaumia na nini, Lusia alijibu haraka, "Kabati. Lile la mlango wazi." Baada ya wiki mbili likaletwa kabati jipya, lenye milango ya kusukuma pembeni.

Sasa utamwambiaje mtoto wa namna hiyo kwamba nyumba yake ndiyo inayomwangusha baba yake? Alipomaliza kujenga aliwaleta wenzake wa kazini, akawaonyesha sakafu kwanza, wazazi baadaye. Lusia akanyamaza. Alibaki na banda la gari, ambalo halikuwa na gari, na alimshukuru Mungu kwa kila gari ambalo Boaz hakununua.

Asubuhi hiyohiyo Boaz akapiga simu kusema amenunua.

"Shikamoo mama. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja nalo. Leo namtuma fundi Ignas aje aangalie sakafu ya gereji. Naiweka epoksi, kama ya karakana yetu huku. Oili ikimwagika unafuta kwa kitambaa. Unajiona uso chini."

"Uso wangu naujua, baba."

"Na lile vumbi linaisha. Baba hatakohoa tena."

Hilo lilikuwa kweli, Mayala alikuwa anakohoa. Lusia akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Inateleza?"

"Sisi tunaikanyaga kila siku."

"Mkiwa mmevaa nini?"

"Buti za kazi, mama. Kwa nini?"

"Basi tu. Nilitaka kujua mnavaa nini."

Ignas alifika na pikipiki, mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu, magoti yamekakamaa kwa kupigia watu sakafu. Alisalimia, akachuchumaa, akakwaruza zege kwa msumari. Unga ukatoka. Akadondosha tone la maji. Likanyweka hata kabla hajafunga kopo.

"Mama Boaz, sakafu hii imechoka."

"Tumechoka nayo wote. Ila yenyewe ina bahati, imeletewa fundi."

Walikwenda pamoja dukani kwa Hemal, mjini, kwa sababu Boaz alitaka mama achague rangi. Mayala walimwacha kwa jirani. Hemal, ambaye duka alilirithi kwa baba yake Gulamali, na ucheshi pia, alimtolea Lusia kiti.

"Shikamoo Mama Boaz. Tuna aina tatu. Hii ni rangi ya mafuta, ya sakafu. Rahisi, lakini tairi likiwa la moto linaibandua kama ganda la kiazi. Hii ya pili haina rangi, ni dawa, sementi inainywa, inakaza, vumbi linakwisha. Hii ya tatu ndiyo yenyewe, epoksi. Makopo mawili, unachanganya rangi na hadna ya kuikaza, ikikauka ni kioo."

"Ipi haing'ai?"

Hemal alimwangalia Ignas, akamrudia mama. "Wateja wote wanauliza ipi inang'aa zaidi."

"Mimi ni mteja wa pembeni. Nijibu hivyohivyo."

"Haing'ai ya pili."

"Basi nipe ya pili."

Ignas akajikuna kichwa. "Mama, ile inataka zege zima. Hii yetu haina sementi ya kukazwa. Itainywa dawa yote na bado itakuomba nyingine." Akampigia Boaz, na Boaz akasema kutoka huko Geita kwamba dawa isiyozuia oili haina maana, waweke epoksi, mama achague tu rangi. Lusia akachagua kijivu, kwa kuwa ndiyo iliyomkera kidogo kuliko nyingine. Akarudi nyumbani akiwa na makopo mawili na mgongo unauma, na njia nzima akawa anahesabu siku zilizobaki mpaka Mayala atakapoanza kukaa kitandani kutwa. Mtu wa umri ule akikaa, amekaa.

Ignas hakuwa mtu wa pupa. Alisema atajaribu kwanza pembeni, mraba wa mkono mmoja. Siku ya pili, mchana, alisugua hapo kwa mashine, akachanganya, akapaka. Ilikuwa nzuri, hata Lusia alikubali moyoni. Ilitulia kama maji ya mtungini. Aligusa ukingo ulioanza kukauka kwa kisigino, akiwa ameshika ukuta. Kisigino kikakimbia.

Kesho yake asubuhi mraba ule ulikuwa umetoka malengelenge, kama mkono wa mpishi aliyeshika sufuria bila kitambaa.

Ignas akalala kifudifudi, akayatoboa moja moja kwa sindano. "Maji," alisema. "Chini kuna maji. Zege likiwa na unyevu, epoksi inafunga juu, unyevu unatafuta pa kutokea. Kuna bomba linapita hapa?"

"Halipo."

"Mama huwa unaosha hapa?"

"Siwezi kuosha banda, fundi, nina umri gani."

Na ni kweli alikuwa haoshi. Alikuwa ananyunyiza. Kila asubuhi, miaka sita, kopo zima, na asubuhi ya jana pia, kabla Ignas hajafika. Zege lilikuwa limekunywa kimyakimya, juu pakavu. Lusia alisimama pale na ufagio mkononi, na kitu kikamjia akilini polepole. Alikuwa amekosea bila kujua. Sasa alikuwa anajua.

Jioni ile hakuchota kwa kopo. Alichota ndoo. Aliimwaga kutoka ukuta hadi ukuta, akaisambaza kwa ufagio, akangoja inyweke, akamwaga ya pili. Mayala, kwenye kiti chake mlangoni, alimtazama bila kuelewa, halafu akaelewa, na ile nusu ya mdomo iliyobaki ikacheka.

"Nyamaza," Lusia alimwambia. "Nakufanyia wewe."

Mraba wa pili ukatoka malengelenge. Wa tatu, Ignas aliukausha kwa moto wa gesi kabla ya kupaka. Ukatoka malengelenge na ukungu mweupe juu yake. Ndoo zilikuwa zinamuua Lusia. Kubeba maji kutoka kwenye tangi, kuinama, na bado kumnyanyua mzee, kumwogesha, kumlisha, kumpitisha sebuleni na kumrudisha. Alikuwa analala ameketi. Lakini kila asubuhi Mayala alitembea hatua zake kumi na tano, na siku ya Alhamisi alitembea kumi na tisa, maana aliongeza za kona.

Ijumaa Boaz alipiga simu ya Ignas, na Ignas aliiweka sauti ya nje kwa kuwa mikono yake ilikuwa na rangi. Lusia alikuwa anachambua mchele pale karibu.

"Fundi, wiki nzima mraba mmoja unakushinda? Umebadilisha ile hadna, si ndiyo? Umeniwekea ya bandia, nzuri umeuza."

"Kaka, nilifungua makopo mbele ya mama."

"Kesho nakuja mwenyewe. Na hapa kazini kuna wenzangu wanne wanajenga Shinyanga, nilishawapa jina lako. Nitawaambia walifute."

Simu ikakatika. Ignas alipiga magoti akanusa sakafu, kama mtu anayenusa chakula kujua kimeharibika au la.

"Kumi na tisa, Mama Boaz," alisema baadaye. "Miaka kumi na tisa napiga sakafu. Niambie tu nimekosea wapi, kama umeniona."

Lusia aliinama kwenye ungo, akatafuta mawe ambayo hayakuwemo.

Jumamosi saa nne Boaz aliingiza gari uani, jeupe, limepakwa vumbi la njia ya Isaka mpaka vioo. Alishuka, mnene kidogo kuliko mara iliyopita, akamsalimia mama kwa magoti, akamsalimia baba aliyeketi mlangoni mwa banda, akapitiliza moja kwa moja kwa Ignas.

"Nionyeshe."

Ignas akamwonyesha miraba mitatu. Boaz akaigonga kwa funguo za gari. Ikabanduka kama magamba.

"Hii ni kazi?"

"Zege lina maji, kaka."

"Maji ya wapi? Shinyanga? Mvua hapa ilinyesha lini? Chukua mashine yako uende, na usimwambie mtu umefanya kazi kwangu."

Ignas alianza kukunja waya wa mashine. Aliukunja vizuri, kiwiko hadi kiganja, bila haraka, na huo utaratibu wake ndio uliomshinda Lusia. Angetukana, labda angemwacha aende.

"Maji niliyamwaga mimi," alisema.

Boaz akageuka. "Maji gani?"

"Ya sakafu. Ndoo mbili kila jioni. Fundi hana kosa. Mwache akunjue waya."

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekwambia. Kwanza nilinyunyiza kama siku zote, kwa kufagia, sikujua. Baadaye nikajua, nikaongeza."

"Kwa nini?"

Lusia alifungua mdomo. Alikuwa na uongo wa aina tatu tayari, mmoja mzuri sana, wenye paka ndani yake. Akauchoka kabla hajauanza.

"Muulize baba yako."

Boaz akacheka bila furaha. "Baba haongei."

"Sikusema aongee. Baba Boaz, hebu simama umwonyeshe mtoto unavyokwenda."

Mayala alijinyanyua kwa fimbo. Lusia hakumshika, aliingiza mikono ndani ya kanga ili isimsaliti. Mzee akatembea hadi ukuta wa mwisho, mguu wa kulia ukiburuta kidogo halafu ukikanyaga, nyayo pana zikibana zege. Akageuka, akarudi. Boaz hakuwa amewahi kumwona baba yake akitembea peke yake tangu hospitali. Kwenye simu aliambiwa "anaendelea vizuri", na akiwa likizo alimkuta kitini. Alisimama funguo mkononi.

"Sasa mwite aingie ndani," Lusia alisema.

Boaz akapita mbele, akasimama sebuleni, juu ya marumaru zake. "Baba, njoo."

Mayala akafika kwenye mlango unaotoka bandani kuingia ndani. Akagusa marumaru kwa kidole kimoja cha mguu. Akaurudisha. Akasimama kama ng'ombe aliyefikishwa kwenye josho kwa mara ya kwanza, shingo nyuma, macho chini.

"Yaya," alisema. Ndilo neno la Kisukuma la kukataa, na lilikuwa limebaki zima mdomoni mwake.

"Njoo, nakupokea."

"Yaya."

Boaz alimtazama baba yake muda mrefu, akalitazama lile kovu juu ya nyusi.

"Halikuwa kabati," alisema.

"Halikuwa."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Ya kwanza alianguka na mkeka, wakapata ajali wote wawili."

Boaz hakucheka. Aliketi chini pale mlangoni, suruali ya safari na yote, mguu mmoja kwenye marumaru, mwingine kwenye zege. "Ungeniambia, mama. Ningezivunja zote."

"Ndiyo maana sikusema. Ungezivunja, halafu vumbi lake angelifagia nani? Mimi nimechoka, Boaz. Sitaki uvunje kitu. Nataka hapa pasing'ae, basi."

Kisha Boaz akamgeukia Ignas, ambaye alikuwa bado ameshika waya, hajui aukunje au aukunjue. "Samahani, fundi. Na wale wenzangu nitawapigia."

"Yameisha, kaka." Ignas akauweka waya chini. Akasogea. "Lakini kuna njia, mngeniuliza mapema. Epoksi ikiwa bado mbichi unaimwagia mchanga. Mchanga wa mtoni, uliochekechwa, uliokauka. Unamwaga mpaka rangi isionekane. Kesho yake unafagia uliozidi, unapaka ya pili nyepesi juu. Vumbi hakuna, oili haiingii, na mtu anakanyaga kama anakanyaga barabara. Ila haing'ai hata kidogo. Sura yake ni ya chapati. Na kusafisha ni kazi, ufagio unakwama, inataka brashi ngumu."

Boaz alimtazama mama. Lusia alijua anachofikiri: gari jeupe juu ya chapati. Alijua pia nani atashika hiyo brashi.

"Tunaweza kuchukua mchanga wa marudio kule machimboni," Boaz alisema taratibu. "Ule uliokwisha kuoshwa dhahabu. Ni laini, na ni wa bure."

"Ule una zebaki, na baba yako anatembea pekupeku. Kuwa na akili, baba. Mchanga wa mtoni."

"Wa mtoni," Boaz alikubali.

Ilibaki habari ya maji. Ignas alipigapiga zege kwa kiganja, akalisikiliza, akasema kwa upole ambao Lusia aliuona ni wa kisasi kidogo, "Kwa ndoo hizi, mama, wiki tatu za kukauka. Bila kunyunyiza hata tone."

"Hata kidole?"

"Hata kidole."

Kwa hiyo kwa wiki tatu alifagia kavu. Alijifunga mtandio puani, akamfunga Mayala mwingine, wakaonekana kama majambazi wawili wastaafu. Unga wa kijivu ulimkaa kwenye kope. Mzee alikohoa, alitembea, alikohoa. Siku ambazo Ignas alipaka na kumwaga mchanga, na siku za kungoja pakauke, banda lilifungwa, na Lusia alimtembeza uani juu ya nyufa, kilo themanini begani, wakipumzika kila hatua ya tano. Siku ya mwisho ya kungoja walikaa wote chini katikati ya uwanja kwa sababu hakuna aliyeweza kumnyanyua mwenzake, mpaka jirani alipokuja kuomba moto.

Sakafu ilipokuwa tayari, Ignas alifungua mlango wa banda akajisogeza pembeni. Ilikuwa ya kijivu kilichofifia, yenye vinundunundu, haikuwa na uso wa mtu yeyote ndani yake. Lusia alivua ndala, akasugua kisigino. Kisigino kilikataa kwenda popote.

Alimpitisha Mayala mlangoni, akamwachia. Mzee akasimama. Akakanyaga, akakunja uso, akakanyaga tena.

"Inakwaruza?" Lusia aliuliza.

Mayala akaitikia kwa kichwa, kwa manung'uniko marefu ya Kisukuma ambayo hayakuwa na maneno lakini malalamiko yalieleweka.

"Ndiyo kazi yake. Nenda."

Akaenda. Kwa mwaka mzima Lusia alikuwa akimfuata nyuma hatua moja, mikono tayari, hata huku kwenye zege. Leo aliegemeza mgongo ukutani, akateleza taratibu mpaka akaketi, akanyoosha miguu. Aliyafumba macho. Alisikia nyayo zikikwaruza hadi mwisho wa banda, zikageuka, zikarudi, zikaenda tena, na yeye hakusimama.